RAM ni GB 16, nusu iko wazi, lakini R inasema kumbukumbu haitoshi. Shida iko wapi?

#1 Mpiga_Hesabu
Wakuu, habari za jioni. Nimekwama na ripoti inasubiriwa.

Mashine yangu ni ya Windows 11, RAM GB 16. Nachakata data za utafiti wa kaya kwa R (programu ya takwimu) toleo la 4.3. Mafaili ni mawili, la watu na la kaya. La watu lina mistari milioni 4.7. Skripti inayasoma yote mawili, inayaunganisha kwa namba ya kaya, jedwali linafikia safu 85, kisha inatengeneza kipimo cha hali ya maisha kwa njia ya PCA (hesabu ya kufupisha safu nyingi kuwa alama chache). Naiachia usiku ijiendeshe kwa Rscript (R inayoendesha skripti nzima bila mtu kuikalia). Asubuhi nakuta haya tu:

`Error: cannot allocate vector of size 3.0 Gb`
`Execution halted`

Kinachonishangaza, nilipokaa kuiangalia huku nimefungua ile ripoti ya matumizi ya Windows (Ctrl+Shift+Esc), RAM iliyotumika ilikuwa karibu nusu. Yaani nafasi ipo, R inaomba GB 3, inanyimwa. Mimi nasema hili si tatizo la RAM, R yenyewe ina hitilafu. Nani anabisha?

#2 Fundi_Kariakoo
Ongeza RAM mkuu. Weka 32 ulale usingizi.

#3 Kaka_Arusha
Kabla hujatoa hela, weka mstari huu juu kabisa ya skripti: `memory.limit(size = 32000)`. Windows ina tabia ya kuiwekea R kikomo. Ukikiinua inapita.

#4 Bi_Takwimu
Kaka wa #3, hiyo dawa imeshaisha muda. Tangu R 4.2.0, mwaka 2022, `memory.limit()` haifanyi kitu tena. Inakupa onyo na kukurudishia `Inf`, basi. Toleo hilohilo ndilo lililoacha kabisa R ya biti 32 kwenye Windows.

#5 Kaka_Arusha
Kwangu inafanya kazi hadi leo. Natumia 4.1.

#6 Bi_Takwimu
Nakuamini, ila mwenye uzi ana 4.3.

Mpiga_Hesabu, soma vizuri huo ujumbe. Hiyo 3.0 Gb si jumla ya kumbukumbu inayopungua. Ni kipande kimoja tu ambacho R ilikuwa inakiomba dakika ile, juu ya vyote ilivyokwisha kuchukua. Inawezekana ilishapewa vipande vitatu vya ukubwa huo, cha nne ndicho kikakosa nafasi. Ripoti ya Windows ukiitazama baada ya kosa inakuonyesha hali wakati R imekwisha kuachia vitu vyake. Usiiamini kwa hilo.

#7 Mpiga_Hesabu
Asante dada. Lakini niliitazama kabla ya kosa, si baada.

#8 Mwana_Tanga
Mimi nadhani nafasi iko vipandevipande. Vekta ya R (mfululizo mmoja wa thamani) lazima ikae mahali pamoja bila kukatika. Ukiwa na GB 8 zilizotawanyika hukosi kukataliwa GB 3. Ndiyo maana ukiwasha upya kompyuta inapita mara moja halafu inakataa tena.

#9 Mzee_wa_Seva
#8 hiyo ilikuwa kweli enzi za biti 32, wakati programu moja kwenye Windows ilipewa anwani za GB 2 tu kwa kawaida. Hapo hata kipande cha MB 500 kilikuwa kigumu kupatikana. Kwenye biti 64 anwani ni nyingi mno, mtawanyiko hauna la kufanya. Vipande vya RAM halisi si lazima vikae jirani. Mfumo ndio unaovipanga.

Nionavyo mimi, tatizo liko kwenye diski. Windows haitoi kumbukumbu kwa kuangalia RAM iliyo wazi. Inaangalia ahadi. Kila programu ikiomba, Windows inahesabu jumla ya ilivyoahidi kwa programu zote, na jumla hiyo haiwezi kuzidi RAM pamoja na faili la akiba lililoko kwenye diski, lile `pagefile.sys`. Kivinjari kimoja chenye kurasa nyingi kinaweza kuahidiwa GB kadhaa ambazo hata hakijazigusa. RAM inaonekana tupu, lakini ahadi zimejaa. R ikija kuomba inaambiwa hapana.

Mpiga_Hesabu, diski C ina nafasi kiasi gani? Kama imejaa, faili la akiba halina pa kukua.

#10 Mpiga_Hesabu
Imebaki GB 5 tu mzee.

#11 Mzee_wa_Seva
Basi hapo ndipo pa kuanzia. Kwenye ripoti ileile, ukurasa wa kumbukumbu, kuna tarakimu mbili zimeandikwa "Committed". Zitazame skripti ikiendelea. Ya kwanza ikikaribia ya pili, jibu umelipata.

#12 Pengwini_Mweusi
Hamieni Linux jamani. Mimi sijawahi kuona ujumbe huo.

#13 Mzee_wa_Seva
Huuoni kwa sababu kwako hakuna anayekuaga. Linux inakubali maombi kupita uwezo wake, halafu programu inapoanza kuijaza ile nafasi, kiini cha mfumo kinachagua mmoja wa kumuua. Unabaki na neno moja, `Killed`. Pitia `dmesg` (daftari la matukio ya mfumo) utaikuta historia ya marehemu.

#14 Pengwini_Mweusi
😂 Mzee umenikamata. Ila angalau inajaribu.

#15 Bi_Takwimu
Mzee wa Seva sipingi kanuni yako, ila inaeleza kwa nini ombi lilikataliwa, haielezi ombi lenyewe limetoka wapi. Kwangu hilo ndilo swali kubwa. GB 3.0 ni ya nini?

Tupige hesabu. Namba ya desimali kwenye R inachukua baiti 8. Safu moja yenye mistari milioni 4.7 ni baiti milioni 37.6, kama MB 36 hivi. Jedwali la kawaida la R ni mkusanyiko wa safu, kila safu ni vekta yake. Kwa hiyo ukisoma faili, ukachuja, ukaongeza safu, R haina sababu ya kuomba kipande kimoja cha GB 3. Inaomba vipande vidogovidogo vya MB 36. Ingeishiwa hapo, ujumbe ungesema 35.9 Mb.

Sasa zidisha 4,700,000 kwa safu 85: seli milioni 399.5. Zidisha kwa baiti 8, gawanya kwa 1024 mara tatu. Unapata 2.98, na R inakadiria hadi desimali moja: 3.0 Gb.

Maana yake jedwali lote limegeuzwa kuwa matriki moja. Matriki ni vekta moja ndefu, haigawanyiki. Na nani anageuza? PCA. `prcomp()` kazi yake ya kwanza ni `as.matrix()`. Kisha inasawazisha thamani, nakala nyingine ya GB 3. Kisha hesabu yenyewe, nakala nyingine tena. Hakuna RAM ya GB 16 itakayobeba hayo pamoja na jedwali asilia.

Kwa hiyo #1, R haina hitilafu. Imekuambia imeshindwa wapi, kwa kutumia tarakimu.

#16 Mwana_Tanga
Aisee. Hii hesabu naihifadhi.

#17 Pwani_Data
Dada Bi_Takwimu hesabu yako ni safi, lakini kuna njia nyingine inayofika palepale, na mimi naiogopa zaidi kwa sababu inaharibu matokeo hata kama kumbukumbu ingetosha.

Skripti inaunganisha mafaili kwa namba ya kaya. Kwenye data za kaya lazima kuna mistari ambayo namba hiyo haikujazwa. `merge()` ya R, usipoizuia, inahesabu tupu kuwa sawa na tupu. Kila mstari mtupu wa huku unaoana na kila mstari mtupu wa kule. Tuseme ipo 20,000 kila upande: 20,000 mara 20,000 ni mistari milioni 400. Safu moja ya desimali yenye mistari milioni 400 ni ngapi? Baiti bilioni 3.2. Gawanya: 2.98. Tena 3.0 Gb.

Niliwahi kukutana na hili kwenye data za kliniki. Jedwali la wagonjwa elfu kadhaa likatoka na mamilioni, na mashine ilikuwa kubwa kiasi cha kuyabeba. Hakuna kosa lililotokea. Ripoti ilitaka kwenda na takwimu zilizovimba. Nikipata kosa la kumbukumbu baada ya kuunganisha nashukuru, limenipigia kengele.

Mpiga_Hesabu endesha hivi kabla ya kuunganisha: `sum(is.na(watu$kaya))` na `sum(is.na(nyumba$kaya))`. Kama namba imesomwa kama maandishi, hesabu pia zenye `""`. Halafu `anyDuplicated()` kwenye faili la kaya. Kila kaya inatakiwa itokee mara moja tu.

#18 Kaka_Arusha
Ndiyo maana napenda `data.table`, kifurushi cha R cha majedwali. Muunganisho ukivimba hivyo inagoma yenyewe mpaka uandike `allow.cartesian = TRUE`.

#19 Bi_Takwimu
Na `dplyr`, kifurushi kingine cha R, tangu 1.1.0 inatoa onyo ikiona wengi kwa wengi. Ila haikugomei, na ukiendesha usiku kwa Rscript hakuna anayesoma onyo.

Pwani_Data, 20,000 umeichagua wewe ili jibu litoke 3.0. Hesabu yangu imetumia tarakimu alizotoa mwenyewe.

#20 Pwani_Data
Kweli, nimeichagua. Lakini 19,900 au 20,100 zinakupa jibu lilelile ukikadiria kwa desimali moja. Na namba si lazima zilingane pande mbili. Elfu 40 huku na elfu 10 kule ni milioni 400 vilevile. Aende ahesabu tu.

#21 Mkongwe_Stata
Nawasoma tu. Sisi wa Stata (programu nyingine ya takwimu) tulilia haya zamani na `set memory 500m`, kuanzia Stata 12 mwaka 2011 programu inajipangia yenyewe. Unaandika `compress`, kila safu inashushwa hadi aina ndogo inayotosha, umri wa mtu unakaa kwenye baiti 1 badala ya 8. Na unaweza kufungua safu chache tu: `use umri jinsia kaya using watu.dta`. Hamieni huku. RAM yako itakutosha na faili lako lolote litafunguka.

#22 Afisa_Afya_Mwanza
#21 lolote hapana. Faili la wanawake la tafiti za DHS (tafiti za afya na idadi ya watu) lina maelfu ya safu. Kwenye Stata ile ndogo, kikomo ni 2,048. Linakataa hata RAM iwe GB 64, na watu wanakimbilia kununua RAM wakidhani ni kumbukumbu. Ni leseni hiyo. Leseni kubwa zaidi, SE, inafika 32,767. Kwenye ndogo lazima utaje safu unazotaka, kama ulivyoonyesha mwenyewe.

#23 Mkongwe_Stata
Hilo kweli. Na lugha ya kosa lake inapotosha, inasema hakuna nafasi ya kuongeza safu, mtu anafikiri ni nafasi ya RAM. Ikiwa ni kumbukumbu kweli Stata inasema mfumo umekataa kuitoa, r(909).

#24 Chatu_Coder
Niaje wasee. Upande wa Python mambo ni yaleyale. Wes McKinney mwenyewe, aliyeianzisha pandas (zana ya Python ya majedwali), aliandika mwaka 2017 kwamba anajiwekea kanuni ya RAM mara 5 hadi 10 ya ukubwa wa data. Kwa hiyo CSV ya GB 2 kwa GB 16 uko ukingoni. Tumia `usecols`, `dtype`, na maandishi yanayojirudia kama majina ya kaunti yageuze kuwa `category`. Au soma kwa mafungu, `chunksize`.

Lakini kwa nini usipandishe tu data Google Colab (kompyuta ya Google ya mtandaoni)? Ya bure ina karibu GB 12, na hutumii mashine yako.

#25 Mwana_Tanga
Ana 16 wewe unampeleka kwenye 12? 😀

#26 Afisa_Afya_Mwanza
Zaidi ya hilo, tuwe makini sana na ushauri wa kupandisha. Hizi ni data za kaya. Mara nyingi ndani yake mna majina, simu, hata alama za GPS za nyumba ya mtu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi kuna masharti kwenye zote mbili. Mhojiwa alikaa mlangoni pake akajibu maswali kwa kuahidiwa siri. Kosa la kumbukumbu si sababu ya kuivunja ahadi ile. Kwanza ondoa vitambulisho, pili omba ruhusa ya mwenye data.

#27 Chatu_Coder
Hapo umesema. Nakubali.

#28 Mama_Seva_Kigali
Jamani samahani kuingilia, la kwangu ni Java. Tuna DHIS2 (mfumo wa taarifa za afya), tukizalisha majedwali ya uchambuzi inaanguka na `OutOfMemoryError: Java heap space`. Seva ina GB 32. Ni jambo lilelile?

#29 Mzee_wa_Seva
Si lilelile dada. Java inajiwekea ukuta wake. Usipoiambia kitu, inachukua robo ya RAM kuwa kikomo cha juu. Kwako ni GB 8, zilizobaki haizigusi hata zikae tupu. Kikomo kinainuliwa kwa `-Xmx`, lakini usiipe zote. Hifadhidata ya PostgreSQL ikiwa kwenye seva hiyohiyo nayo inahitaji kula, na hayo majedwali kazi kubwa inafanyika huko. Fungua uzi wake tuujadili, huu tutauzamisha.

#30 Mkongwe_Stata
Nirudi kwa mwenye uzi. Kuna jambo sijaona mtu akiligusa. Kipimo cha hali ya maisha kinatengenezwa kwenye faili la kaya, si la watu. Bati, redio, choo, pikipiki ni vya kaya. Ukiunganisha kwanza ndipo ufanye PCA, kaya ya watu kumi inahesabiwa mara kumi na ya mtu mmoja mara moja, uzito unabadilika bila wewe kukusudia. DHS wanakikokotoa kwa kaya.

Na kumbukumbu inapungua papo hapo. Tuseme kaya milioni 1.1, safu 20 za mali: baiti milioni 176. Hata mashine ya GB 4 inaweza. Ukishapata alama za kila kaya, ndipo unaziunganisha na watu. Safu moja tu inavuka.

#31 Bi_Takwimu
Hili ndilo jibu zuri kuliko yote kwenye uzi huu, na mtu wa Stata ndiye kalileta.

#32 Mpiga_Hesabu
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Mkongwe, skripti tuliipokea imeandikwa hivyo na ripoti ya awamu iliyopita ilitoka kwa mpangilio huo, kwa hiyo kuubadilisha kunahitaji idhini ya mkuu wa mradi. Nitampelekea hoja yako kama ilivyo, ina uzito.

Wakati nasubiri, nilibadilisha kitu kimoja tu: nimesoma safu zote kama namba kamili kwa `colClasses`, maana karibu zote ni misimbo ya 1, 2, 3. Usiku nikaiendesha tena. Kosa limebadilika:

`Error: cannot allocate vector of size 1.5 Gb`

Hapo nimechanganyikiwa zaidi. Ombi limepungua nusu na bado linakataliwa.

#33 Bi_Takwimu
Hujachanganyikiwa, umethibitisha. Namba kamili ni baiti 4. Seli 399.5 milioni mara 4 ni 1.49, yaani 1.5 Gb. Ni matriki ileile, sasa ya namba kamili.

#34 Pwani_Data
Dada, mistari milioni 400 mara baiti 4 ni 1.49 vilevile. Safu moja ya muunganisho uliovimba, sasa ya namba kamili. Hujathibitisha zaidi yangu.

#35 Mzee_wa_Seva
Na mimi nauliza: mashine ya GB 16 inanyimwa GB 1.5? Diski C ameifuta? Vita yenu ni juu ya nani kaomba. Aliyekataa bado ni yuleyule.

#36 Kaka_Arusha
Jaribu `gc()` kabla ya kila hatua.

#37 Bi_Takwimu
R huifanya hiyo yenyewe kabla ya kukuletea kosa. Kinachosaidia ni `rm()` kwa majedwali usiyoyahitaji tena, maana `gc()` haifuti kitu ambacho bado kina jina. Na ukifungua R mwenyewe, angalia kama kwenye folda mna `.RData` ya zamani, R inaweza kuwa inaipakia inapoanza. Rscript haiipakii.

#38 Chatu_Coder
Mbona hakuna aliyetaja DuckDB, ile hifadhidata ya uchambuzi? Ilianzia CWI, Amsterdam, toleo la 1.0 lilitoka 2024. Inasoma CSV moja kwa moja kwa SQL (lugha ya hifadhidata), inafanya muunganisho, na ikizidiwa inamwaga sehemu ya kazi kwenye diski badala ya kuanguka. Ipo ndani ya R na Python. R unairudishia tu safu ishirini unazotaka.

#39 Pwani_Data
Naipenda, na ina faida moja kubwa hapa: kwenye SQL tupu hailingani na tupu, kwa hiyo ule mvimbo wa NA (alama ya R ya tupu) haupo. Ila kama utupu umeandikwa `""` au 9999 utavimba palepale. Na akimwaga kwenye diski yenye GB 5...

#40 Fundi_Kariakoo
Bado nasema RAM. Ila kabla hujaja dukani fungua mashine uone kama ina tundu. Nyingi nyembamba za siku hizi RAM imechomelewa kwenye bodi, huongezi kitu. Watu wananunua kijiti halafu hakina pa kuingia.

#41 Pwani_Data
Mpiga_Hesabu, usiendeshe kwa Rscript usiku huu. Fungua R, endesha mpaka kwenye `merge()` usimame hapo. Andika `nrow()` ya matokeo. Ikiwa milioni 4.7, Bi_Takwimu ana haki. Ikizidi au isipofika kabisa, tutazame tupu. Kosa likitokea, andika `traceback()` hapohapo utuwekee majina ya kazi zilizokuwa zinaendelea.

#42 Bi_Takwimu
Naunga mkono, ila `nrow()` ya milioni 4.7 haitoshi kukusafisha. `merge()` isipoambiwa `all.x = TRUE` inawaacha nje watu ambao kaya yao haikuonekana, na namba za kaya zilizojirudia zinaongeza wengine. Jumla inaweza kukaribia ileile na watu si walewale. Ahesabu na vitambulisho vya watu, kabla na baada.

#43 Mpiga_Hesabu
Sawa. Nafuta kwanza vitu kwenye C, halafu naendesha hatua kwa hatua. Nitaweka `traceback` hapa.

#44 Mzee_wa_Seva
Ukifuta C kwanza halafu ikapita, hatutajua ni nani kati yetu alikuwa sahihi. Anza na `traceback`.